Wanaisaidia Bahari Yangu ya Sebuleni Mpaka Inakufa

Uniwie radhi kwa makosa ya uandishi, Shangazi Verna, naandika kwa kidole gumba kwenye simu nikiwa nimeegemea kiti ambacho tangu nitoke hospitali ndicho kitanda changu, kifuani nimekumbatia mto mwekundu waliotupa sote tuliopasuliwa ili tuubane tunapokohoa au kucheka, na kama kuna uwezekano naomba barua hii uitangulize kwenye gazeti la Ijumaa, kwa sababu Jumapili baada ya ibada mke wangu anaondoka kwenda kwa dada yake Carol huko Bemidji na hajasema atarudi lini.

Mimi ni fundi wa magari ya kuzoa theluji ya kaunti, nina miaka sitini na mitatu, naishi hapa St. Cloud, na majina yote nimeyabadilisha kwa kuwa mji wenyewe si mkubwa, basi mimi niite Orrin na mke wangu mwite Lorraine. Baada ya Sikukuu ya Shukrani nilifanyiwa upasuaji wa moyo, ule wa kupasua mfupa wa kifua kwa msumeno, wakatoa mshipa mguuni wakaupachika moyoni pale palipoziba, kisha wakanifunga mfupa kwa nyaya kama boneti ya gari lililogongwa, na nilipopata fahamu nikasomewa masharti, nisinyanyue kitu kizito kuliko galoni ya maziwa, nisisukume, nisivute, nisiinue viwiko kupita mabega, nisishike usukani, na daktari wangu, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, akaniuliza nyumbani nina mifugo gani, nami nikamjibu nina bahari.

"Bahari?"

"Tangi la maji ya chumvi. Lina samaki na matumbawe."

"Basi usitie mkono humo mpaka mshono upone kabisa. Maji hayo yana vijidudu."

"Daktari, maji yale ni safi kuliko ya bombani kwako."

"Sijakuuliza kama ni safi," akasema, akaenda zake.

Ni kweli nina bahari, Shangazi. Watu wa hapa wakitaka kuona samaki wakati wa baridi hutoboa barafu ya ziwa wakakaa juu ya ndoo wakinywa bia, lakini mimi nina kipande cha bahari ya joto ukutani mwa sebule, kirefu kuliko sofa, chenye taa za buluu na pampu za kusukuma mawimbi na samaki mmoja wa njano tunayemwita Askofu kwa jinsi anavyotazama watu, na katikati yake kuna tumbawe la matawi ambalo ndilo roho yangu, lina minyiri ya kijani yenye ncha za zambarau, lilikuja kwangu kama kitawi cha ukubwa wa kidole na sasa halienei kwenye kapu la nguo. Nilipewa na rafiki yangu Duane, maana sisi wafugaji wa matumbawe tuna desturi yetu, tumbawe ukilipenda unalikata kitawi ukampa mwenzako, naye akikata anampa mwingine, ili siku lako likifa ujue ni mlango gani wa kwenda kuomba mtoto wake, na ukimwona mfugaji asiyegawa ujue huyo hajakomaa.

Sasa tangi la namna hii haliachwi hata kidogo. Kila wiki lazima maji kiasi yatolewe, mapya yachanganywe na chumvi kwenye pipa, yapimwe, yapashwe joto, yabebwe kwa ndoo na kumiminwa, na ndoo moja ni nzito kuliko galoni za maziwa zote zilizomo kwenye friji yetu, kwa hiyo chama chetu kilipopata habari zangu kikapanga zamu hata kabla sijatoka wodini, maana kwetu mwanachama akilazwa wenzake huja kumtunzia maji, na nilipofika nyumbani nikaikuta sebule imejaa watu na meza imejaa bakuli za viazi na nyama ya kusaga zilizookwa kwa jibini juu, nikalia mbele yao bila haya, na Duane akatazama dirishani mpaka nilipomaliza.

Wanaokuja ni watatu. Duane, fundi bomba mstaafu, ndiye mwenyekiti, anakuja Jumatatu. Renae, dereva wa basi la shule, anakuja Jumatano akishapeleka watoto. Tou, kijana wa Kihmong, jamii iliyohamia huku kutoka Asia, anayetengeneza meno ya bandia, anakuja Ijumaa jioni na mama yake humpa chapati za mchele za kuniletea. Lorraine yeye kazi yake ni kujazia maji yaliyopotea hewani kila asubuhi, nilimwonyesha mstari kwenye kioo na anaufikisha hapohapo, hilo halina shida.

Shida ni kwamba wafugaji wa matumbawe ni kama wahubiri, kila mmoja ana wokovu wake. Jumatatu ya kwanza Duane alibadilisha maji vizuri kabisa, akafuta kioo, halafu akasimama ameshika kiuno.

"Bwana, si unajua bahari ina mawimbi? Hili lako limekuwa dimbwi. Nikiongeza nguvu ya pampu kidogo utachukia?"

Nami, Shangazi, ni mtu wa hapa, nimelelewa kwamba mtu akikupa kahawa unakataa kwanza na ukikubali unakubali nusu kikombe, na mtu akikusaidia humwambii kitu, kwa hiyo nikasema, "Aa, sawa tu, wala si vibaya." Jumatano Renae akamwaga chakula mara mbili ya kipimo.

"Wana njaa hawa. Ona Askofu anavyoniangalia."

"Humwangalia hivyo kila mtu, Renae."

"Mtu akiwa mgonjwa watoto wake hawalali njaa, Orrin. Au nimekosea?"

"Hapana, hapana. Sawa tu."

Ijumaa akaja Tou na simu yake inayoendesha taa, akacheka kwa heshima. "Mzee, taa hizi umeziweka kama za baa. Tumbawe lako linasinzia. Nikipandisha kidogo?" Nikamwambia pandisha, mwanangu, unajua zaidi yangu, ingawa tumbawe lile nimelilea chini ya taa zilezile za baa tangu yeye yuko sekondari.

Ikawa mawimbi ya Duane yanalipiga, chakula cha Renae kinaotesha mwani wa kahawia kwenye mawe, mwanga wa Tou unaliunguza, na tumbawe langu likaanza kujikunja, minyiri ikaingia ndani, matawi ya upande wa pampu yakabaki mifupa mitupu, na kila mmoja alipoliona hivyo akadhani dawa yake haijatosha akaongeza. Nami nimeketi hapohapo na mto wangu, nasema sawa tu. Wakiondoka ndiyo mbaya zaidi, unajua kuaga kwetu kulivyo, mtu anajipiga viganja mapajani anasema "haya sasa," anasimama, anazungumza, anavaa koti, anazungumza, anafungua mlango, anazungumza baridi ikiingia, na muda wote huo mimi nautazama mwani.

Nikaanza kurekebisha kwa siri. Lorraine akienda dukani nainuka polepole, napunguza taa, napunguza pampu, narudi kitini. Duane akija Jumatatu anakuta pampu imerudi chini, anatikisa kichwa anasema pampu hii imechoka, na wiki iliyofuata akaniletea nyingine yenye nguvu zaidi, akaifunga mwenyewe kwa mkono wake, akagoma hata kunywa kahawa kwa furaha ya kunisaidia. Ningemwambia nini? Sikutaka shukrani yangu iwe ya punda.

Pampu hiyo mpya haina kitufe, imeshikamana kwenye kioo kwa ndani, na kuigeuza ni lazima mkono uingie. Jumanne hii Lorraine alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikavuta stuli, nikapanda, nikatia mkono majini mpaka kwapani, nikaishika pampu, nikavuta. Ikang'ang'ania. Nikavuta tena, na kifuani kikasikika kitu kimesema tak, na hapohapo mlango wa jikoni ukafunguka kwa sababu Lorraine alisahau miwani.

Hakupiga kelele. Alisema, "Toa mkono. Polepole. Usinitazame mimi, tazama unapokanyaga." Akanishika kiunoni akanishusha kama gunia la unga, akanivisha koti juu ya shati bichi, akanipeleka hospitali macho barabarani tu, na mimi nikajaribu kuzungumzia theluji. Walinipiga picha, mfupa haujaachana, nyaya ziko mahali pake, nilijaliwa, na yule daktari binti akanitazama akaniambia, "Ulishapewa nafasi yako, mzee. Hatutoi kila wiki." Tulipofika nyumbani Lorraine akavua buti, akasimama mbele ya tangi, akasema bila kugeuka:

"Liuze. Likiwa bado lipo Jumapili, mimi nakwenda kwa Carol."

"Lorraine, ni samaki tu."

"Najua ni samaki tu. Ndiyo maana nakwambia uliuze."

Tangu hapo ananipikia, ananipa dawa, ananivisha soksi zile za kubana, na haniongeleshi. Na sasa Duane amepiga simu kwamba Jumamosi wanakuja wote watatu kwa ajili ya uokoaji mkubwa, watatoa maji yote, watahamisha mawe, kila mtu aweke utaratibu wake, nami unadhani nilimjibu nini, nilimjibu sawa tu, leteni na watoto.

Naomba unisaidie, Shangazi. Niliuze tangi ambalo nimelilea kuliko nilivyolea gari langu? Niwaambieje marafiki wasije bila kuwavunja moyo, watu walionibebea ndoo kwenye baridi ya kukata masikio? Na mke wangu ambaye tumekaa miaka thelathini na sita bila hata siku moja kutishana, nimzuieje asiondoke kwa ajili ya pampu? Sijalala vizuri, na si kwa sababu ya kiti.

Ni mimi,
Orrin wa Nyaya, St. Cloud


VERNA ANAJIBU

Orrin, pole kwa kifua, na pole kwa tumbawe. Umebadilisha majina yote, halafu ukaniambia kuna fundi wa magari ya theluji St. Cloud mwenye bahari ukutani na samaki anaitwa Askofu. Mji mzima umeshakujua tangu mstari wa pili, na mimi nimeiacha hivyo kwa makusudi, kwa sababu naona njia pekee ya wewe kumwambia mtu ukweli ni auone gazetini. Duane, kama unasoma, endelea kusoma, ila keti.

Nianze na hao marafiki zako. Hawajakosea kitu. Mtu anakuuliza, "Nikiongeza kidogo utachukia?" nawe unamjibu sawa tu, sasa alitakiwa ajue vipi? Kwa kunusa? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe wageni wako uliwapa usukani, tena watatu kwa mpigo, na manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama. Halafu ukawa unapinda usukani nyuma yao wakienda zao, ukamwacha yule mzee wa watu akanunua pampu mpya wakati ile ya zamani haikuwa na ubovu wowote. Wewe unauita huo upole. Mimi nimejibu barua za watu wa jimbo hili muda mrefu, najua upole wetu, na nakwambia kwamba nusu ya upole wetu ni woga uliopiga pasi shati.

Kwa hiyo leo, si kesho, unampigia Duane. Humtumii ujumbe. Unampigia, na unasema maneno haya: "Duane, asanteni kwa yote. Jumamosi msihamishe kitu. Tumbawe linaumwa kwa sababu tumebadilisha mambo mengi, na nilitakiwa kusema mapema." Kutakuwa na kimya kwenye simu. Usikijaze. Usiseme "lakini sawa tu." Fundi bomba amekwisha kusikia mabaya kuliko hayo akiwa amelala chini ya sinki la mtu, hatakufa.

Na waje hiyo Jumamosi, maana dawa ya marafiki zako umeiandika mwenyewe katikati ya barua ukaipita bila kuiona. Umeniambia kwenu tumbawe likipendwa hukatwa na kugawiwa. Basi gawa. Yale matawi yaliyo hai upande wa mbali na pampu, Duane ayakate, kila mmoja aondoke na lake. Duane akalipige mawimbi kwake, Renae akalishibishe kwake, Tou akalimulike kwake mpaka majirani wavae miwani ya jua. Hakuna atakayeona amefukuzwa, kwa maana wote watakuwa wamepewa heshima kubwa mnayoijua ninyi watu wa chumvi. Wakati huohuo roho yako itakuwa inaishi katika nyumba tatu zaidi, na lako likifa utajua pa kubisha hodi. Sijawahi kufuga hata samaki wa bakuli, nalijua hilo kwa sababu wewe umenifundisha.

Kisha kila kitu kirudi kilivyokuwa kabla hujapasuliwa. Taa za baa, mawimbi ya dimbwi, chakula kidogo. Pampu mpya itolewe na aliyeifunga. Kuanzia hapo mtu mmoja tu anabeba ndoo, na ningekuwa wewe ningemwachia Tou, kwa sababu ana mabega ya kijana na bado anakuita mzee. Wawili waliobaki waje kunywa kahawa. Kahawa nayo ni msaada.

Sasa tuzungumze habari yenyewe, maana hayo yote nilikuwa nafagia uwanja tu.

Orrin, umetumia aya nzima kunieleza rangi ya ncha za minyiri, na mkeo ukampa sentensi moja, kwamba anaongeza maji kila asubuhi na "hilo halina shida." Hebu jisikilize. Katika watu wote waliopita mbele ya kioo hicho, mmoja tu ulimwonyesha mstari akaufikisha hapohapo, asiongeze, asipunguze, asihubiri. Huyo ndiye hukumwomba ushauri wala hukumshukuru, na sasa unaniuliza mimi umzuieje asiondoke.

Unasema alisahau miwani. Huenda. Mimi nimewahi kukaa na mgonjwa aliyetoka kwenye upasuaji kama wako, na nakwambia nilisahau vitu vingi sana miezi ile. Nilisahau funguo, nilisahau pochi, nilisahau barua ya kupeleka posta. Nilifika kwenye kona nikakumbuka nimesahau, nikarudi, nikafungua mlango taratibu, nikasikiliza kama mtu bado anakoroma. Kwaya haiimbi kwa miwani ya kusomea, Orrin, nyimbo zile Lorraine anazijua kwa moyo tangu utoto. Sina ushahidi, nakisia tu. Muulize.

Ulikuwa umelala fofofo walipousimamisha moyo wako makusudi ili waushone, na mashine ikafanya kazi yake. Wewe hiyo siku huna kumbukumbu nayo. Yeye alikuwa kwenye kiti cha plastiki nje, ameshika koti lako, na kila mlango ulipofunguka alidhani wanamletea habari zako. Siku ile hujaiishi, yeye ameiishi kwa ajili yenu wawili, na bado hajamaliza. Halafu anarudi nyumbani anakukuta juu ya stuli, unavuta kwa mkono uleule uliokatazwa, kwa sababu uliona haya kumwambia rafiki "hapana." Yaani uliona afadhali kumvunja moyo mkeo kuliko kumnyima Duane raha. Hapo, mwanangu, nakugombeza, na ningekuwa karibu ningekufinya sikio, daktari hajakataza sikio.

Nawe ukamwambia ni samaki tu. Angalau ungemwambia kweli. Kweli ni kwamba unaogopa. Umezoea kuwa mtu wa kuamka theluji ikianguka ili mji mzima ufike kazini, na sasa soksi unavishwa. Kile kitu kimoja ulichoweza kukiweka hai kwa mikono yako unakiona kinajikunja mbele ya macho yako, ukiwa umekumbatia mto. Mtu yeyote angepanda stuli. Simlaumu aliyeogopa, namlaumu aliyeficha, na mficha uchi hazai. Hofu hiyo, na huko kutolala, mweleze yule daktari binti pia, ni jambo linalowapata wengi waliopasuliwa hivyo na lina msaada wake. Na yale mazoezi ya wagonjwa wa moyo pale hospitali, ambayo kwenye barua yako ndefu hukuyataja hata mara moja, uanze wiki hii. Nimeelewa kwa nini hukuyataja, hujakanyaga huko.

Unauliza uliuze tangi au usiliuze. Hilo si langu, wala si lako peke yako tena. Mkalishe Lorraine, zima televisheni, na umwombe. Usimwambie, umwombe. Mwombe awe yeye mwenye tangi mpaka mfupa wako uungane, kwamba hakuna mtu, iwe Duane au wewe, atakayegusa taa au pampu au chakula bila neno lake, na kwamba wewe ukitaka kitu kirekebishwe utasema kwa mdomo, ukiwa umekaa. Mwambie wazi pia kwamba ana haki ya kukataa. Akikataa, liende. Mwite Tou alibebe, na usigune mbele yake wala nyuma yake, usikae ukiutazama ukuta mtupu kama mtoto aliyenyang'anywa pipi. Wanawake wengi wameachiwa kitu kimoja kwa maneno wakanyang'anywa kwa miguno.

Lakini nitakwambia ninachodhani, nikikosea aniandikie mwenyewe, barua yake nitaitanguliza kuliko yako. Mwanamke anayechukia tangi haufikishi mstari kila asubuhi. Lorraine hakusema analichukia. Alisema liuze, kwa sababu ndicho kitu pekee ndani ya nyumba alichoweza kukiondoa ili usipande stuli tena. Tafuta namna nyingine ya kumhakikishia, na ifanye asubuhi hii hii, kabla hajashusha sanduku juu ya kabati, kwa maana likishashuka watu wa kwetu huona aibu kulirudisha, wakaondoka hata kama hawataki.

Akija na maji yake asubuhi, usimfundishe chochote. Usimwonyeshe mstari. Mwambie, "Lorraine, niliogopa, nikakuficha. Sitapanda tena." Huenda akakuuliza utapanda nini tena kama si stuli, maana hasira ikiisha huanzia kwenye mzaha. Usicheke, kifua hicho. Kaa kwenye kiti chako, na akitoka kwenda kwaya, akirudi akukute hapohapo.